Mume wangu kang'oa viti vya Coaster, anataka tuifanye nyumba

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Mikindani. Mkubwa yuko darasa la sita, mdogo kaanza awali mwaka huu. Mume wangu ni dereva. Kaendesha Coaster ya Mtwara–Newala miaka kumi na moja, gari lilelile, tajiri yuleyule. Mwaka jana gari likashindwa kupita ukaguzi, tajiri akasema hatii tena hela kwenye chuma chakavu. Mume wangu alikuwa anamdai mishahara ya miezi saba. Wakakaa, wakazungumza, jioni nikaona Coaster inavutwa na lori la mchanga, inaingizwa uani kwangu chini ya mwembe. Ndiyo mshahara huo.

Nikajua ataiuza skrepa. Hakuuza. Idi mosi tumekula pilau, Idi pili kaingia na spana, kaanza kung'oa viti. Sasa hivi viti ishirini na vitatu vimepangwa barazani, mgeni akija anakalia kiti cha basi kama anayesubiri kondakta apige bodi. Amebakiza kiti chake na cha pembeni tu. Sakafuni kachora kwa chaki: hapa kitanda, hapa jiko, hapa choo. Kila jioni anaingia na tepu, anapima, anafuta, anachora upya. Yule mdogo naye kapewa chaki yake.

Anasema itakuwa nyumba ya kutembea nayo. Likizo tunakwenda kwa mama yangu Nachingwea, tunakwenda kwa dada yake Songea, tunakwenda Kilwa watoto wakaone magofu, hatulipi nauli wala gesti, wala hatumlazi mwenyeji chini. Hilo la mwisho najua lilikotoka. Mwaka juzi tulikwenda Nachingwea msibani, tukalazwa watano chumba kimoja, wenye chumba wakalala jikoni. Mume wangu hakusema kitu, lakini usiku kucha alikuwa nje amekaa garini.

Sasa mahitaji yake. Kitanda cha sita kwa sita nyuma, cha mninga. Vitanda vya watoto vya kupandana ubavuni. Jiko la gesi, mtungi wa kilo 15 ukae chini ya kitanda chetu. Tangi la maji la lita 500 juu ya keria. Friji, televisheni, feni mbili, sola. Choo ndani, hatua mbili kutoka jikoni! Joto nalo kalipatia dawa: anachana magodoro ya zamani, anayabandika ukutani na darini, halafu plaiwudi juu yake.

Hela ndiyo hii: korosho zangu, shamba nililoachiwa na bibi, zimenipa milioni tatu na laki mbili baada ya makato. Anaziomba zote. Zikipelea, anasema tuuze kiwanja cha Naliendele, ambacho tumekilipia kidogo kidogo miaka minne.

Majirani wanacheka. Mmoja, mvuvi, kaniuliza, "Mama, mnakwenda dago la wapi?" kama vile tunahamia kambi ya wavuvi. Mama yangu kwenye simu kasema nyumba isiyo na msingi si ya kumweka mtoto wa mtu. Mimi sikatai moja kwa moja, Mjomba. Siku moja mchana nilipanda peke yangu, nikasimama kwenye alama ya chaki ya jiko. Bahari inaonekana dirishani. Nikakaa kidogo. Halafu joto likanitoa.

Nimpe hela? Niwalaze wanangu jirani na mtungi wa gesi? Na hilo la choo nimwambieje?

Mama wa Watatu, Mikindani

*

Marahaba, mpwa wangu.

Nianze na huyo mvuvi, maana naona kakuuma kuliko unavyosema. Yeye mwenyewe samaki wakihama anabeba sufuria, mkeka na wavu, anapiga dago ufukweni wiki nzima, hakuna anayemwita kichaa. Wenye mikorosho kule Tandahimba msimu ukifika wanafunga nyumba, wanalala kibandani shambani mpaka korosho ziishe. Na sisi tuliosafiri barabara ya Kusini kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, mabasi tumeyalala sana. Pale Ndundu, kusubiri pantoni ya Rufiji wakati wa masika, watu walipika, walinyonyesha, waligombana na kupatana humohumo. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya barabara ilipokatika huko Kilwa, watu wakaonja tena. Kwa hiyo kulala kwenye basi si ajabu kwetu. Ajabu ni kumwaga milioni tatu kwenye basi ambalo hujui ni la nani.

Ndiyo, la nani? Umeniandikia viti, umeniandikia chaki, kadi ya gari hukuitaja. Kama kadi bado ina jina la tajiri, na hayo mazungumzo yao hayakuandikwa, basi mume wako anajenga nyumba kwenye kiwanja cha mtu. Tajiri akifa, watoto wake watakuja na breakdown. Kabla ya msumari wa kwanza: mkataba wa mauziano unaosema gari limetolewa badala ya mishahara ya miezi saba, sahihi mbili, mashahidi, kadi halisi mkononi, halafu TRA kubadilisha umiliki. Hukohuko aseme kwamba gari linatoka biashara ya abiria kuwa la binafsi, na umbo la ndani linabadilika. Namba nyeupe ya biashara iondoke, iwekwe ya njano, na ule mstari wa ruti ubavuni ufutwe. Mkaguzi wa magari wa polisi alione. Bima nayo ikatwe kwa gari lilivyo sasa, si kwa lile lililokuwa likipakia abiria. Na umwambie mapema, maana namjua dereva asiye na kazi: asije akapakia watu wa Nanyamba wawili watatu "kufidia dizeli". Abiria wa kulipa ni mambo ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu, na gari lenye kitanda na jiko halitapewa leseni hiyo.

Karatasi zikikaa sawa, ndipo ashike nyundo.

Nilifanya kazi gereji ya mabasi miaka mingi kabla ya kushika kalamu, na kitu kimoja nilichojifunza ni kwamba basi la pwani linaoza kuanzia chini. Chumvi ya bahari inaingia kwenye mikunjo ya bati, matope ya Newala yanaifunika, unyevu unabaki. Juu rangi inang'aa, chini ni biskuti. Mwambie alale chini ya gari asubuhi, na nyundo ndogo na bisibisi. Aanze nyuma ya magurudumu ya nyuma, aje chini ya ngazi ya mlango, aende kwenye kisanduku cha betri, amalizie kwenye vyuma vya pembeni vinavyobeba bodi juu ya chasisi. Agonge. Chuma kizima kinalia ngaa! Kilichooza kinasema bu. Pale kinaposema bu, achome bisibisi. Ikizama, hapo ni pa kukata na kuchomelea kipande kipya, siyo pa kupaka puti. Kama ni sehemu za bodi, fundi bodi anatengeneza. Kama ni chasisi yenyewe imekatika katika sehemu tatu nne, uza skrepa, na hapo sitanii. Pia aseme ukweli ni nini hasa kilichoifelisha kwenye ukaguzi. Yeye anajua. Kama ni breki, hela ya kwanza iende kwenye breki, siyo kwenye mninga.

Halafu, kabla ya kujenga chochote, laleni humo usiku mitatu. Tandikeni mikeka sakafuni, fungeni vyandarua, wote watano, hapohapo uani. Usiku mitatu itakufundisha kuliko michoro yote ya chaki. Utajua upepo unaingilia wapi, nani anaamka kukojoa saa nane, mtoto yupi anapiga mateke. Utajua pia kama kweli mnataka kitanda cha sita kwa sita. Futi sita ni sentimita 183. Coaster kwa nje ina upana wa mita mbili na kidogo. Toa unene wa kuta, toa plaiwudi, uone kinachobaki. Nimeona mtu kanunua godoro kwanza, akabandika mbao baadaye, godoro likakaa limejikunja kama samosa. Kuta kwanza, godoro mwisho.

Sasa uzito, na hapa nina ugomvi naye. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 500 juu ya keria ni nusu tani juu ya vichwa vya watoto, kwenye gari refu jembamba. Tangi likiwa limejaa ni baya, likiwa nusu ni baya zaidi, maana maji yanakimbia upande kila kona. Ule mteremko wa Newala kwenda Masasi anaujua? Hebu ajione anaushuka na pipa linalocheza juu. Hoja yake najua atasema nini: "Nilikuwa nabeba abiria ishirini na wanne." Kweli, abiria 24 wa kilo 65 ni kilo 1,560, na gari lilivumilia. Lakini abiria walikaa chini, wamesambaa mbele na nyuma. Tangi la lita 100 sakafuni, katikati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, linatosha watu watano kupika, kunywa na kuoga kwa kikombe siku mbili. Kuoga kwa kikombe watu wa uwanda wa Makonde wanakujua vizuri. Kitanda nacho kiwe cha paini na plaiwudi. Mninga ni mzuri, uende kwenye nyumba ya Naliendele siku mtakapoijenga.

Gesi. Hapa nisikilize vizuri, na umsomee kwa sauti.

Watu wa Mtwara tunaongea gesi toka Mnazi Bay ilipogunduliwa mwaka 1982, lakini gesi ya Msimbati na gesi ya mtungi si ndugu wa tabia. Ile ya ardhini kwetu karibu yote ni methane, nyepesi kuliko hewa, ikivuja inapanda. Ya mtungi ni propani na butani, nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka, inatambaa sakafuni kama maji yasiyoonekana, inajaa chini kabisa, chini ya kitanda. Pale hasa alipopanga kuuweka. Mnalala juu yake, asubuhi mtu anawasha kiberiti cha chai. Mtungi uwe wa kilo 6, usimame wima ndani ya sanduku la chuma lililozibwa upande wa ndani, mlango wake ufungukie nje ya gari, na sakafu ya sanduku iwe na tundu wazi la kushushia gesi chini. Mpira uwe mpya na bana zake. Kila mtungi ukibadilishwa, apake povu la sabuni kwenye viungo; likitoa mapovu, pameachia. Gari likitembea, mtungi umefungwa. Kizimia moto cha unga kikae karibu na mlango, siyo karibu na jiko, maana jiko likiwaka hutakifikia. Na mlango wa dharura au kioo cha nyuma kisizibwe na kitanda.

Mkaa ndani ya gari, kamwe. Hata siku ya mvua. Mwaka niliokuwa utingo tulikwama usiku, mvua, mbu, baridi ya kulowana, tukaingiza jiko la mkaa ndani ya kabini ya lori "lipashe kidogo". Tulilala kama watoto. Niliamshwa na kutapika kwa dereva wangu. Mimi mwenyewe kichwa kilikuwa kinapasuka, miguu haisikii. Kilichotuokoa ni kioo cha upande wangu ambacho kilikuwa kimegoma kupanda wiki nzima, kikabaki na uwazi wa vidole vinne, nami nilikuwa nimemtukana fundi kwa ajili yake. Ile sumu ya mkaa, monoksidi ya kaboni, haina rangi wala harufu. Haikuamshi.

Magodoro ukutani asithubutu. Sponji inanywa unyevu, inaozesha bati kwa ndani, na ikishika moto moshi wake unaua kabla ya ndimi kufika. Joto la bati linapigwa kwa nje kwanza: paa lipakwe rangi nyeupe, na paneli za sola ziinuliwe sentimita chache juu ya paa ili hewa ipite chini yake, hapo zinakuwa mwavuli. Madirisha yabaki ya kufunguka, pande zote mbili, yawekwe nyavu za mbu. Njiani mtapumzika chini ya mkorosho, ambao kivuli chake ni kizito na matawi yako chini. Chini ya mnazi msiegeshe hata kwa dakika kumi.

Umeme nitapita haraka. Coaster nyingi za Kijapani zina betri mbili na volti 24. Mafundi wa mtaani wanapenda kuchota volti 12 kwenye betri moja kwa ajili ya redio na taa. Betri hiyo inachoka, mwenzake anazidishiwa chaji, zote mbili zinakufa. Nyumba iwe na betri yake, mbali na za gari, na fyuzi karibu na betri. Feni mbili, taa nne na televisheni ndogo kwa siku zinakula kama wati-saa 400. Paneli ya wati 200 kwa jua letu inazilipa bila taabu. Friji peke yake inaongeza 500, na ndiyo inayolazimisha paneli kubwa na betri ya pili. Futa friji. Chukua kasha la barafu kama la wauza samaki, unaishi Mikindani, barafu utakosaje?

Choo ndani, hapana, na uniweke mimi mbele. Mwambie Mjomba kasema. Choo cha kudumu kinataka tangi lake, bomba la hewa, na mahali pa kumwaga, na barabara yote kutoka kwenu hadi Songea hutakuta mtu anakupokelea. Ndoo yenye kiti na mfuniko, maranda ya seremala mkebe mmoja, ya usiku na ya dharura tu. Asubuhi inafukiwa mbali na maji. Mchana mtatumia vyoo vya sheli na vya wenyeji wenu. Kuoga, pazia linaning'inizwa kwenye mlango wa nyuma ukiwa wazi.

Viti navyo. Gari likitembea hakuna mtoto kitandani, hata akilala. Mko watano, viti viko viwili. Arudishe vitatu vya barazani kwenye reli zake za asili, kwa bolti zilezile, vyenye mikanda. Vilivyobaki ishirini aviuze, Coaster za njia ya Masasi viti vyao vimechanika kila siku. Hela hiyo iwe ya kwanza kuingia kwenye mradi, kabla ya korosho zako.

Na korosho zako ni zako. Shamba la bibi linataka palizi, linataka dawa ya ubwiriunga, ule ukungu mweupe, mikorosho ikianza kuchanua, hivyo laki tano weka pembeni ya shamba, usiiguse. Kiwanja cha Naliendele hakiuzwi. Basi linashuka thamani kila mvua, kiwanja kinapanda hata mkilala. Toa laki saba kwanza, kwa karatasi, kutu na breki peke yake. Mkaguzi akilipitisha, toa milioni moja kwa kuta, vitanda, jiko na umeme mdogo. Zinazobaki milioni moja kaa nazo, na asijue ziko wapi. Tairi za Coaster ni sita, na hujaniambia zikoje.

Mumeo simuoni kichaa. Mtu aliyeshika usukani miaka kumi na moja, akaishia kulipwa kwa gari bovu, anatafuta pa kuweka mikono. Wengine wa aina yake nawaona stendi tangu asubuhi, wanahadithia safari za zamani. Wako anapima na tepu. Ila anachora peke yake nyumba ya watu watano, na ndiyo maana kachora choo karibu na jiko. Safari ya kwanza iwe fupi, Lindi mjini na kurudi, kama kilomita mia kwenda. Kikiharibika kitu, fundi wake anajulikana. Nachingwea iwe ya pili, likizo ya Juni. Mama yako mpe kiti cha mbele mzunguke naye mpaka sokoni, tuone kama atauliza tena habari za msingi.

Chaki ya jiko ichukue wewe. Alama aliyoichora, kwa ulivyoniandikia, iko upande wa bahari. Ibaki hapohapo, na lile dirisha lisizibwe na kabati.

Mjomba